Lugha ya Kufundishia na Hali ya Shule za Umma: Mfano wa Kawangware, Nairobi

UTANGULIZI

Shule za umma za Kenya zimelaumiwa kwa mambo mengi. Inasemwa kwamba madarasa yamejaa kupita kiasi, kwamba walimu ni wachache na vitabu havitoshi, na kwamba mtihani umegeuzwa kuwa ndio elimu yenyewe. Lawama zote hizo zina ukweli ndani yake, na ukweli huo huonekana waziwazi katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo mjini Nairobi, kama vile Kibera na Kawangware. Hata hivyo iko kasoro moja ambayo hutajwa kwa nadra wakati shule hizo zinapojadiliwa, nayo ni ya lugha.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tangu 1957 yamekuwako majaribio mawili makubwa ya kubadili mbinu za kufundisha nchini Kenya, na kwamba yote mawili yalimtaka mtoto aseme, aulize na ajieleze darasani. Inakusudia pia kuonyesha kwamba kila mara mtoto wa mahali kama Kawangware ametakiwa afanye hivyo kwa lugha ambayo bado hajaimiliki. Mtoto asiyeweza kusema hunyamaza au hukariri. Na mwalimu wa watoto wanaonyamaza hana budi kurudia njia ya zamani ya kutamka na kuitikiwa. Ndiyo sababu mitaala imebadilika mara nyingi, lakini sauti isikikayo kutoka madirishani mwa darasa imebaki kuwa ile ile.

Kawangware imechaguliwa kwa sababu historia ya wakaaji wake inaonyesha vizuri tatizo ambalo watunga sera hawakulitazama barabara. Sera za lugha katika elimu ya Kenya zimezoea kugawa nchi katika sehemu mbili: kijiji chenye lugha moja ya kienyeji, na mji wenye Kiswahili. Kawangware ilianza ikiwa ya aina ya kwanza, ikawa ya pili, na Kiswahili kilichokua ndani yake si kile kilichokuwa akilini mwa watunga sera.

KAWANGWARE NA LUGHA ZAKE

Kawangware iko magharibi mwa Nairobi, katika sehemu ya Dagoretti, nayo imepakana na Lavington, mtaa wa majumba makubwa na bustani. Jina lenyewe ni la Kikuyu, na husemwa kuwa limetokana na neno ngware, yaani ndege ambaye kwa Kiswahili huitwa kwale. Wakati wa ukoloni eneo hilo lilikuwa ndani ya ardhi waliyotengewa Wakikuyu, likitawaliwa kutoka Kiambu. Liliingizwa katika mji wa Nairobi mipaka ya mji ilipopanuliwa mwaka wa 1963. Kwa hiyo ardhi ya Kawangware, tofauti na ile ya Kibera ambayo kwa asili ni ya serikali, kwa sehemu kubwa ilikuwa mali ya watu binafsi. Wenye ardhi walijenga vyumba vya mbao na mabati wakavipangisha, na wapangaji wakaja kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na kwingineko kutafuta kazi za mjini. Waluhya hasa wakawa wengi.

Matokeo yake katika lugha si magumu kuyaeleza. Mwenye nyumba Mkikuyu na mpangaji aliyetoka Vihiga hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania isipokuwa Kiswahili. Hata wapangaji wenyewe, ingawa wengi huitwa Waluhya kwa jina moja, walikuja na lugha mbalimbali, kama vile Lulogooli, Lunyore na Lubukusu. Uchunguzi wa David Parkin katika mtaa wa Kaloleni, uliotolewa ndani ya kitabu kuhusu lugha za Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley mwaka wa 1974, ulikwisha kuonyesha jinsi wakaaji wa Nairobi walivyotumia Kiswahili, Kiingereza na lugha za nyumbani kwa makusudi tofauti, wakihama kutoka moja hadi nyingine katika mazungumzo yale yale. Kawangware ilipojaa, watoto waliozaliwa humo walikipokea Kiswahili hicho kuwa lugha ya kuchezea, na wengi wao kuwa lugha ya kwanza.

Kiswahili hicho kina kanuni zake. Upatanisho wa ngeli umepunguzwa, hata mtoto husema kitabu yangu na viti ingine. Kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kikuyu, Kikamba na lugha za Waluhya zinacho, na ambacho kimo katika jina lenyewe la Kawangware, hutumika mahali pa ki-: mtoto husema katoto na kanyumba pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema kitoto na kijumba. Juu ya msingi huo kumejengeka Sheng, msimbo wa vijana ambao M. H. Abdulaziz na Ken Osinde waliuchunguza katika makala yao ya mwaka wa 1997, na ambao Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, ameuona kuwa aina ya Kiswahili cha Kenya inayoendelea kukua. Kwa hiyo mtoto wa Kawangware aingiapo darasa la kwanza haingii bila lugha. Anayo lugha hai, yenye msamiati wa hesabu za dukani, wa ugomvi, wa mzaha na wa hadithi. Swali la kihistoria ni hili: shule ilimpokea vipi?

ASILI YA KUTAKA KIINGEREZA

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba mapenzi ya wazazi kwa Kiingereza ni kasumba tu. Historia ya eneo lenyewe inaonyesha kwamba mapenzi hayo yalikuwa na sababu.

Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, ilishauri kwamba watoto waanze kwa lugha zao za nyumbani, na kwamba lugha ya Kizungu ingoje madarasa ya juu. Kwa upande wa elimu ushauri huo ulikuwa wa busara, lakini ulitekelezwa ndani ya utawala uliobagua. Mtoto wa Kizungu alisoma kwa Kiingereza ili atawale. Mtoto wa Kiafrika alisoma kwa lugha yake, mara nyingi akaishia hapo, na kazi zenye mshahara mzuri zikabaki nyuma ya mlango wa Kiingereza. Wazazi waliliona jambo hilo. Baada ya mzozo wa mwaka wa 1929 baina ya wamisheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, watu walijitenga na shule za misheni wakajenga zao, chini ya vyama viwili: Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a Education Association. Chama hiki cha pili kilikuwa na nguvu zaidi kusini mwa Kiambu, yaani katika nchi ile ile ambamo Dagoretti imo. Miongoni mwa mambo ambayo shule hizo zilidai ni Kiingereza kifundishwe mapema zaidi kuliko serikali ilivyoruhusu. Serikali ilizifunga baada ya kutangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952.

Kiswahili nacho hakikupata mtetezi serikalini. Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, katika taarifa yake ya mwaka wa 1955, ilikuona kufundisha Kiswahili kama lugha ya pili kuwa ni kupoteza wakati na nguvu bure. Basi uhuru ulipokaribia, Waafrika wengi waliamini kwamba lugha ya kienyeji darasani ni hila ya kuwazuia wasipande, na wakoloni wenyewe walikuwa wamekwisha kukidharau Kiswahili. Kiingereza kilibaki peke yake uwanjani.

MBINU MPYA NA LUGHA MPYA, 1957–1973

Mwaka wa 1957 Wizara ya Elimu ilianzisha kituo maalumu mjini Nairobi cha kutayarisha masomo ya Kiingereza kwa ajili ya watoto wa Kiasia, ambao walikuwa na lugha mbalimbali za nyumbani na walipata taabu walipofika madarasa ya juu. Jaribio hilo lilileta Kiingereza tangu siku ya kwanza, lakini pamoja na Kiingereza lililetwa jambo jingine lililokuwa jema sana: njia ya kufundisha. Watoto waliketi kwa vikundi badala ya safu. Walikuwa na picha, michezo, vitu vya kuhesabia na vitabu vingi vidogo, na mwalimu alizunguka baina yao akizungumza nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia hiyo iliingizwa katika shule za Waafrika, ikajulikana kwa herufi N.P.A.

Hapo ndipo kosa la msingi lilipofanyika. Watu walioona madarasa hayo walistaajabia uchangamfu wa watoto, na kwa kuwa vitu viwili, mbinu na Kiingereza, vilifika pamoja, vikachukuliwa kuwa kitu kimoja. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, katika taarifa yake ya mwaka wa 1964, ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na mojawapo ya sababu ilizozitoa ni kumwepusha mtoto na taabu ya kubadilishiwa lugha katikati ya masomo. Kiswahili kilipendekezwa kiwe somo la lazima, nazo lugha za nyumbani zikaachiwa kipindi cha hadithi. Hakuna aliyejaribu mbinu ile ile kwa Kiswahili ili ijulikane kama uchangamfu wa watoto ulitokana na lugha au na vikundi, picha na mwalimu aliyefunzwa vizuri.

Matokeo yalionekana upesi. Katika majaribio ya kwanza walimu walichaguliwa, wakafunzwa na kutembelewa na wakaguzi mara kwa mara. Mpango ulipoenea nchini ukafika mikononi mwa walimu ambao wenyewe hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuzungumza na mtoto kwa uhuru. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kuzunguka baina ya vikundi akiulizwa maswali asiyoyatarajia. Hujilinda kwa kusimama mbele ya darasa na kutamka yale aliyoyatayarisha. Lugha mpya ilibaki, na mbinu mpya ikatoweka.

Katika miaka hiyo hiyo Tanzania ilishika njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi. Njia hiyo nayo haikukosa tatizo lake, maana shule za sekondari zilibaki na Kiingereza na mshtuko wa kubadili lugha ukahamishiwa huko. Lakini ilithibitisha jambo moja ambalo Kenya ilikuwa bado inalitilia shaka: kwamba hesabu, sayansi na jiografia vyaweza kufundishwa taifa zima kwa Kiswahili, vitabu vikaandikwa na istilahi zikapatikana.

WINGI WA WATOTO NA UTAWALA WA MTIHANI, 1974–2002

Mwezi wa Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo ya madarasa manne ya kwanza imefutwa. Hesabu zinajulikana: watoto wa darasa la kwanza walikuwa kama 379,000 mwaka wa 1973, na mwaka wa 1974 wakawa kama 958,000. Walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho, na waliopatikana wengi hawakuwa wamesomea ualimu. Halafu shule, zikiwa hazina fedha, zilianza kutoza michango ya majengo ambayo mahali pengi ilizidi karo iliyofutwa, na watoto wengi walioingia kwa furaha wakatoka kimyakimya. Somo la 1974 ni kwamba mlango ulifunguliwa bila ya kufikiriwa nini kitatendeka ndani ya chumba. Mwalimu mmoja mwenye watoto themanini hana mbinu nyingine isipokuwa sauti yake na ubao.

Miaka miwili baadaye, 1976, Kamati ya Taifa iliyoongozwa na Peter Gachathi ilirekebisha kwenye karatasi yale yaliyoamuliwa 1964. Ilishauri kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo la shule, na kwamba Kiingereza kishike nafasi tangu darasa la nne. Mahali penye watu wa lugha mbalimbali, lugha hiyo ingekuwa Kiswahili. Kwa Kawangware ushauri huo ulikuwa kama ulioandikwa kwa ajili yake. Lakini ushauri bila vitabu na bila mafunzo ya walimu ni maneno matupu. Shule nyingi za mijini ziliendelea na Kiingereza, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, mtihani wa mwisho ulikuwa wa Kiingereza, na Kiswahili chenyewe hakikuwa na nafasi katika mtihani wa kumalizia elimu ya msingi.

Nafasi hiyo ilipatikana mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza kufuatia taarifa ya tume ya Mackay ya 1981. Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Wapenzi wa lugha walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi: wachapishaji walitoa vitabu, vyuo vikazalisha walimu, na lugha ikapata heshima ambayo haikuwa nayo. Lakini haina budi kusemwa, na inafaa isemwe katika jarida la wanalugha, kwamba heshima hiyo ilikuja na gharama. Kiswahili cha mtihani kiligeuka kuwa hazina ya maneno adimu. Watoto walikaririshwa orodha za malipo, wakajua fola na kiingiliamlango; orodha za wana wa wanyama; vitate, vitawe na misemo ya kupamba insha. Mtoto wa Kawangware aliyekuwa akizungumza Kiswahili mchana kutwa aliingia katika kipindi cha Kiswahili akajikuta mgeni. Ka- yake ilipigwa mstari mwekundu, na badala yake alipewa majina ya vitu ambavyo hakupata kuviona. Kwa njia hiyo hata somo ambalo lingekuwa daraja baina ya mtaa na shule likawa ukuta mwingine. Kusahihisha kwenyewe ni kazi ya shule, na Kiswahili sanifu ni haki ya kila mtoto. Kosa lilikuwa kuanza kwa kumnyamazisha.

Wakati huo huo uchumi ulibana. Baada ya taarifa ya kamati ya Kamunge ya mwaka 1988 serikali ilikubali kwamba wazazi washiriki gharama za elimu, na mwaka wa 1998 ilisimamisha uajiri wa walimu wapya isipokuwa wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mtihani mmoja ukaamua hatima ya mtoto, shule zikapangwa kwa alama, na masomo ya ziada ya kulipia yakawa desturi. Mwalimu aliyesifiwa ni yule aliyeyajua maswali yaliyopita na kuyarudiarudia. Hakuna ajabu kwamba kuuliza kulipungua, kwa maana mtihani haukumtaka mtoto aulize.

ELIMU YA BURE NA SHULE ZA MABATI

Mwezi wa Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule zote za msingi za umma na kuahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Eneo lenye wakaaji wengi kama Kawangware lina shule chache za umma, kama ile yenye jina la mtaa wenyewe na ile ya Gatina, na katika mitaa ya namna hiyo mjini Nairobi madarasa ya watoto themanini hata mia moja yaliripotiwa. Historia ya 1974 ilijirudia, isipokuwa kwamba safari hii watoto wengi zaidi walibaki shuleni.

Jambo lililowashangaza wachunguzi ni kwamba elimu ilipokuwa bure wazazi wengi maskini waliendelea kulipa. James Tooley na wenzake walihesabu huko Kibera shule 76 za binafsi zenye watoto zaidi ya 12,000. Kawangware nayo ilijaa shule za namna hiyo, nyingi zikiwa za mbao na mabati katika vichochoro vya makazi. Sababu walizozitoa wazazi zilikuwa za kawaida: shule iko karibu, darasa ni dogo, mwalimu yupo, na Kiingereza kinaanza tangu chekechea. Sababu tatu za kwanza zinahusu kusikilizwa kwa mtoto. Ya nne ni sauti ile ile ya Karing'a, iliyosikika katika nchi hiyo hiyo miaka sabini kabla yake.

Shule hizo hazikupaswa kutukuzwa kama ilivyofanywa na baadhi ya watu. Walimu wake wengi walilipwa kidogo mno, na majengo yake mengi yalikuwa hafifu. Tarehe 23 Septemba 2019 jengo la ghorofa la shule moja ya binafsi huko Ng'ando, Dagoretti, si mbali na Kawangware, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, na saba wakafa siku hiyo. Msiba huo uliwaonyesha watu wote gharama ya kuwaachia maskini wajitafutie wenyewe kile ambacho Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha 53, inakitaja kuwa haki ya kila mtoto.

Na ndani ya madarasa, ya umma na ya binafsi, mafundisho yalifanana. Mwalimu hutamka nusu ya neno la Kiingereza na darasa zima humalizia nusu ya pili. Mwalimu huuliza kama wameelewa, na darasa huitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Grace Bunyi, aliyechunguza madarasa ya shule za msingi nchini Kenya, ameeleza jinsi maitikio hayo yanavyowawezesha mwalimu na watoto kuonekana wanashiriki somo ilhali maarifa machache sana yanapita kati yao. Taarifa za Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziliweka jambo hilo katika hesabu: kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu hivi ndio walioweza kufanya kazi ya darasa la pili.

Hata hivyo iko dakika moja katika somo ambapo hali hubadilika, na kila aliyewahi kufundisha Nairobi anaijua. Mwalimu, akiona macho ya watoto yamekuwa mazito, huacha Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili cha mtaani. Mikono huinuka na maswali hutoka. Kisha mwalimu hurudi ubaoni na kuandika jibu kwa Kiingereza. Kanuni za shule nyingi huihesabu dakika hiyo kuwa udhaifu wa mwalimu, na akija mkaguzi hufichwa. Ilhali mara nyingi hiyo ndiyo dakika pekee ambayo mafundisho yametendeka.

MTAALA WA UMILISI

Mtaala wa umilisi ulijaribiwa mwaka wa 2017 na kuanza nchini kote katika madarasa ya chini mwezi wa Januari 2019. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na tangu Januari mwaka huo madarasa ya sekondari ya chini yalikuwa yamekwisha kuwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, pamoja na haja yake ya walimu na vyumba. Kwa upande wa mbinu mtaala huu unarudia, kwa maneno mengine, ndoto ya 1957: mtoto atende, achunguze, ashirikiane na wenzake na aeleze alichokiona. Mzazi naye ametakiwa ashiriki, na wazazi wa mitaa ya kipato kidogo wamelalamika juu ya gharama za vifaa na za kupiga chapa picha katika maduka ya kompyuta ambayo wakaaji huyaita saiba.

Mtaala huu pia unarudia ushauri wa 1976, kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Lakini huko Kawangware huibuka tena swali la zamani: lugha ya nani? Ikichaguliwa Kikuyu, wapangaji wengi watatengwa. Kikichaguliwa Kiluhya, itabidi kwanza iulizwe ni kipi. Jibu la pekee lenye maana ni Kiswahili, na sera inaliruhusu. Lakini vitabu vingi vya hesabu na vya mazingira vya madarasa hayo vimebaki kuwa vya Kiingereza, na mwalimu aliye na kitabu cha Kiingereza mkononi hufundisha kwa Kiingereza, sera iseme isemavyo. Ni lazima basi iulizwe: mtoto wa miaka sita ataelezaje alichokichunguza kwa lugha ambayo ameanza kuisikia mwaka huo huo?

Kwamba mambo yanaweza kuwa vingine kumeshuhudiwa. Nchini Nigeria, Babs Fafunwa na wenzake walianza huko Ife mwaka wa 1970 jaribio la kufundisha miaka sita ya elimu ya msingi kwa Kiyoruba, na watoto wake walifanya vizuri kuliko wenzao, hata katika Kiingereza kilichofundishwa kama somo. Nchini Kenya mradi wa Tusome, ulioenezwa tangu 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya chini kila mmoja kitabu chake cha kusomea, cha Kiswahili na cha Kiingereza, ukawafunza walimu namna ya kufundisha kusoma na kuwatembelea madarasani, na usomaji ukaongezeka. Kitabu cha Kiswahili mikononi mwa kila mtoto hakikuwa jambo lisilowezekana.

HITIMISHO

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mbinu za kufundisha na lugha ya kufundishia haziwezi kutengenezwa kila moja peke yake. Mwaka wa 1964 mbinu ilitukuzwa na lugha ikachukuliwa pamoja nayo bila kupimwa. 1976 lugha ilirekebishwa bila vitabu. 1985 Kiswahili kiliheshimiwa kwa kufanywa mtihani. 2003 mlango ulifunguliwa bila kuangaliwa chumba. Na 2019 mtoto ametakiwa azungumze tena. Katika miaka yote hiyo mtoto wa Kawangware amekuwa na lugha ya kuzungumzia, na shule haikuitumia.

Yanayohitajika yanajulikana: vitabu vya Kiswahili vya hesabu na mazingira kwa madarasa matatu ya kwanza, mafunzo ya ualimu yanayomwonyesha mwalimu namna ya kutoka katika Kiswahili cha mtaa kwenda katika Kiswahili sanifu bila kumtahayarisha mtoto, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na mwalimu anayekijua, hata kitakapofika wakati wa kukitumia kiwe kimekwisha kupata mizizi. Kazi kubwa katika hayo ni ya idara za lugha za vyuo vikuu, ambazo zimechunguza Sheng kwa bidii kuliko zilivyochunguza darasa la kwanza ambamo wasemaji wake huketi.

Lakini liko sharti moja ambalo historia ya Karing'a inalitilia mkazo. Kama Kiswahili kitakuwa lugha ya kufundishia watoto wa Kawangware peke yao, huku watoto wa Lavington, ng'ambo ya barabara, wakiendelea na Kiingereza tangu chekechea, wazazi watalitambua jambo hilo kama babu zao walivyolitambua, na watawaondoa watoto wao kwa kila senti waliyo nayo. Nao watakuwa na haki. Lugha inayotengewa maskini tu haiaminiwi na maskini wenyewe. Sera ya Kiswahili katika madarasa ya chini ya Nairobi haina budi kuwa ya Nairobi nzima, pande zote mbili za barabara. Pasipo hivyo mtaala utakaofuata nao utawakuta watoto wa Kawangware wakimalizia nusu za maneno.